Redio za ridhaa na meseji zisizopita mtandao wa simu: zinavyofanya kazi na sheria inavyosema

Swali hili limetufikia kwa meseji na kwa simu za wakati wa kipindi, na karibu kila mara linatoka maeneo ya aina moja: vijiji vya Meatu vilivyo upande wa hifadhi, mabonde ya Itilima, na vitongoji vya Maswa ambako mtu akitaka kupiga simu anapanda kwanza kichuguu. Wanauliza hivi: kwa kuwa simu hazishiki, je, tunaweza kununua redio koli, tukaziunganisha na simu zetu, zikatumiana meseji toka kijiji hadi kijiji bila vocha na bila mnara? Wengine wameshaona video za watu wa nje wakifanya hivyo. Wengine wameshaanza kuchanga fedha, na hao ndio waliotufanya tuandike makala hii mapema.

Jibu fupi ni kwamba kiufundi inawezekana, na imewezekana tangu miaka ya 1970. Kisheria kuna masharti. Na kwa mambo mengi ambayo wanaotuuliza wanataka kuyatuma, yaani uzito wa pamba, bei ya siku, oda za dukani na habari za fedha, redio ya namna hiyo hairuhusiwi hata ukiwa na leseni yake mkononi. Ipo njia nyingine ya halali, nayo tutaifikia. Kwanza tueleze kitu chenyewe.

Ridhaa ni kama ngumi za ridhaa

Kila mpenda michezo anajua tofauti ya ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Bondia wa ridhaa anapigana kwa kupenda mchezo, na hakuna promota anayemkabidhi hundi. Redio ya ridhaa iko hivyo hivyo. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ambazo Tanzania nayo inazifuata, zinaieleza kuwa ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, wanaopenda ufundi wa redio kwa nia yao binafsi na bila maslahi ya fedha.

Maneno hayo ya mwisho, bila maslahi ya fedha, ndiyo yanayobeba karibu kanuni zote zilizobaki. Nchi za dunia zilikubaliana kuwatengea watu hawa vipande vya masafa bila kuwauzia kwa bei wanayolipa makampuni ya simu, na kwa kubadilishana nao wakakubali kutofanya biashara humo. Katika kanda yetu ya Afrika na Ulaya, vipande vinavyojulikana zaidi ni megahezi 7.0 hadi 7.2 na 14.0 hadi 14.35 kwa masafa marefu, kisha megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440 kwa safari fupi. Redio yako ya nyumbani ya FM haifiki huko, kwa sababu inaishia 108.

Kila mwenye leseni hupewa alama yake ya utambulisho, kama namba ya gari. Ukisikia alama inayoanza na 5H, ujue ni Tanzania: kwa desturi 5H3 ni Bara na 5H1 ni Zanzibar. Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Kabla ya uhuru Tanganyika ilitumia VQ3, Zanzibar VQ1 na Kenya VQ4, na kadi za zamani zenye alama hizo bado zinatafutwa na wakusanyaji huko Ulaya na Marekani kama watu wanavyotafuta stempu.

Meseji inavyofungwa kama robota

Anayelima pamba hatapata shida kuelewa sehemu hii. Pamba haitoki kwenye kinu kama mlima mmoja. Inagandamizwa katika marobota, kila robota linapewa namba, linapimwa, na linaandikwa limetoka wapi. Lori likifika Dar es Salaam na robota moja halipo, mpokeaji anajua ni namba ngapi, na haagizi mzigo wote upya.

Redio ya pakiti inafanya hivyo kwa maneno. Meseji ndefu inakatwa vipande, na kila kipande ndicho kinachoitwa pakiti. Mbele ya pakiti panaandikwa alama ya anayetumiwa, alama ya anayetuma, na kama inapitia vituo vya katikati, alama za vituo hivyo pia. Nyuma yake inawekwa namba ya uhakiki inayotokana na herufi zilizomo ndani. Mpokeaji anapiga hesabu ile ile. Hesabu zikilingana anajibu kwamba amepata. Zisipolingana, labda kwa sababu ya radi au pikipiki iliyopita karibu, anaitupa na kukaa kimya, na mtumaji asiposikia jibu anarudia. Ndiyo maana meseji ya pakiti ama inafika nzima ama haifiki kabisa, tofauti na sauti ya redio koli ambapo unaweza kusikia "njoo" na usisikie "kesho".

Hewani pakiti ni mlio. Herufi zinageuzwa kuwa sauti mbili, moja nyembamba na moja nene kidogo, zinazopishana mara 1,200 kwa sekunde. Ukisikiliza ni kama mtu anayechana kitambaa kwa haraka. Kazi ya kugeuza herufi kuwa mlio ilikuwa ya kisanduku maalumu kilichokaa kati ya kompyuta na redio, na leo programu ya simu inaweza kuifanya. Ipo moja inayoitwa APRSdroid inayotumia kipaza sauti na spika za simu ya Android kwa kazi hiyo.

Vituo vyote vinatumia masafa mamoja, kwa hiyo vinasubiriana. Kila kimoja kinasikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anaongea kinanyamaza, halafu kinajaribu baada ya muda mfupi. Wawili wakianza kwa pamoja, pakiti zinagongana na zote zinapotea, na kila mmoja anarudia kwa wakati wake. Wazo hili lilitoka Hawaii. Mwaka 1971 chuo kikuu cha visiwa hivyo kiliunganisha kompyuta za visiwani na iliyokuwa makao makuu kwa redio badala ya waya, kwa sababu ya bahari iliyokuwa katikati. Mtandao wao uliitwa ALOHAnet. Mtu wa Ukerewe angewaelewa mara moja.

Watu wa ridhaa walianza majaribio yao Montreal, Kanada, mwezi Mei 1978. Miaka michache baadaye kundi la Tucson katika jimbo la Arizona likatengeneza visanduku ambavyo mtu aliweza kununua na kuunganisha mwenyewe, na mwaka 1984 wakakubaliana juu ya utaratibu mmoja wa kufunga pakiti unaoitwa AX.25. Utaratibu huo bado unatumika.

Sasa kuhusu mwendo, ambao watu wengi wanaupuuza. Biti 1,200 kwa sekunde ni herufi 150 kwa sekunde, mambo yakienda vizuri. Meseji ya simu ya herufi 160 inachukua kama sekunde mbili pamoja na maandalizi yake. Hiyo ni nzuri kabisa. Lakini picha ya kawaida ya simu, yenye megabaiti mbili, ingechukua karibu saa 3 na dakika 40 bila kukatika, na muda wote huo kijiji kizima kingekuwa kimefungiwa njia. Kwa hiyo anayedhani atapata WhatsApp yenye video kwa njia hii, asichange.

Ilifika kwetu mapema kuliko tunavyodhani

Wengi wanaona haya kuwa mambo mapya ya mtandaoni. Hospitali ya Muhimbili ilikuwa ikipata barua kwa redio ya pakiti mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Tanzania haina simu za mkononi za kuzungumzia wala intaneti.

Habari yenyewe ni hii. Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kilikuwa kikitengeneza setilaiti ndogo, nyingine za ukubwa wa sanduku la nguo, na kuzitumia kwa redio ya ridhaa. Mwezi Januari 1990 ikarushwa moja iliyoitwa UoSAT-3. Ilizunguka dunia kwa njia ya ncha za kaskazini na kusini kwa muda wa dakika kama 100, umbali wa kilomita 800 hivi kutoka ardhini, na ilikuwa na kumbukumbu ndani yake. Ikipita juu ya Dar es Salaam inapokea barua, inazihifadhi, na ikipita juu ya nchi nyingine inazishusha. Fikiria konda wa basi anayepewa bahasha Bariadi aifikishe Mwanza. Hakuna waya kati ya mtumaji na mpokeaji, na hakuna haja ya wote wawili kuwa macho wakati mmoja. Mwendo ulikuwa biti 9,600 kwa sekunde, na kila setilaiti ilipopita walipata dakika chache tu, zisizofika 20, mara kadhaa kwa siku.

Shirika la Boston lililoitwa SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliona kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwafikishia madaktari wa Afrika taarifa za kitabibu. Mtandao wao uliitwa HealthNet. Vituo vya ardhini vikawekwa katika nchi kadhaa za Afrika, Muhimbili ikiwamo, na Makerere kwa upande wa Uganda. Daktari ambaye majarida yalimfikia yakiwa yamechelewa kwa miezi alianza kupata muhtasari wa matibabu mapya na kuuliza maswali kwa wenzake wa nchi nyingine.

Hapa ndipo kanuni ilipojitokeza. Barua za madaktari zilikuwa za kazi, na zilitumwa na mashirika, hivyo si mawasiliano binafsi ya watu wanaojifunza redio. Kwa wema wote wa kazi ile, haikuwa na nafasi kwenye masafa ya ridhaa. Suluhisho lilikuwa kugawana setilaiti: UoSAT-3 ikaondolewa kwenye huduma ya ridhaa ikawahudumia SatelLife na shirika jingine la Marekani, VITA, kwa masafa mengine, na watu wa ridhaa wakapewa setilaiti iliyorushwa Julai 1991, UoSAT-5. Tunaona mfano huu una uzito kuliko maelezo yoyote ya kisheria. Kama barua za kuokoa wagonjwa zilihamishwa, mizani ya pamba haiwezi kubaki.

Redio za masafa marefu nazo zilibeba barua pepe eneo letu. Baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika Ngara mwaka 1994, na katika misukosuko iliyofuata Maziwa Makuu, mashirika ya misaada yalikuwa na ofisi mahali pasipo simu. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulitengeneza mfumo wake wa barua pepe kwa redio kwa ajili ya ofisi za mbali. Huko Kampala kampuni iliyoitwa Bushnet iliuza huduma ya namna hiyo kwa mashirika na kambi za porini. Modemu walizotumia wengi zilikuwa za aina ya PACTOR, ambayo ilibuniwa Ujerumani na watu wa ridhaa waliotaka kuunganisha ubora wa pakiti na uwezo wa kupenya kelele za masafa marefu. Mchezo wa ridhaa ukawa chombo cha kazi, lakini kwa leseni nyingine na masafa mengine.

Kanuni zenyewe

Tunazitaja zile ambazo mwanakijiji anaweza kuzivunja bila kujua.

Ya kwanza ni leseni, na inatangulia kifaa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayogawa masafa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hata sisi wa redio hatuwezi kurusha wimbo mmoja bila idhini yake. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa la jinai, lenye faini na kifungo, na kifaa kinataifishwa. Kifaa chenyewe pia kinatakiwa kiwe cha aina iliyothibitishwa na mamlaka hiyo. Redio koli za bei nafuu zinazoagizwa mtandaoni zinaweza kurusha kwenye masafa mengi ambayo yamekwisha kupewa wengine, wakiwamo vyombo vya usalama. Kijana anayebonyeza vitufe kujaribu anaweza kuingia kwa polisi bila kujua, na akiulizwa, kwamba alikuwa anajaribu tu hakutamsaidia sana.

Kwa leseni ya ridhaa, kanuni za kimataifa zinaitaka kila nchi ihakikishe kwamba mwombaji ana ujuzi wa ufundi na uendeshaji. Zamani mtu alilazimika pia kujua alfabeti ya Morse ili atumie masafa marefu. Tangu mkutano wa dunia wa mwaka 2003 jambo hilo limeachwa mikononi mwa kila nchi.

Ya pili ni kujitaja. Kila kituo kinatakiwa kurusha alama yake mara kwa mara. Kwenye pakiti hili ni rahisi kwa sababu alama imo katika kila robota. Lakini pia maana yake ni kwamba huwezi kujificha, na huwezi kumpa jirani akatumia alama yako wewe ukiwa shambani.

Ya tatu inawashangaza watu wengi: ni marufuku kuficha maana ya ujumbe kwa mafumbo ya siri. Simu yako inaficha meseji za WhatsApp zisisomwe njiani. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kufanya hivyo, isipokuwa kwa amri za kuongoza setilaiti. Kila unachotuma ni kadi ya posta isiyo na bahasha, na yeyote mwenye redio Lamadi au Mwanhuzi anaweza kuisoma. Kwa hiyo usitume namba ya siri ya huduma za fedha, majibu ya vipimo vya mgonjwa, wala habari ya ng'ombe wangapi wako wapi na nani analinda. Kwa wafugaji wetu hilo la mwisho si dogo.

Ya nne ni biashara, ambayo tumekwisha kuigusa. Chama cha msingi, AMCOS, hakiwezi kutumia masafa ya ridhaa kutuma uzito wa pamba. Mwenye duka hawezi kuagiza mzigo. Wala huwezi kumtoza jirani shilingi mia ili umtumie ujumbe.

Ya tano inahusu ujumbe wa mtu mwingine. Kanuni za ITU zinasema mawasiliano ya nchi hadi nchi kwa niaba ya mtu asiye na leseni yanaruhusiwa tu wakati wa dharura na majanga. Ndani ya nchi kila mamlaka ina uamuzi wake, kwa hiyo usidhani, uliza kwanza.

Na hapa mtandao wa pakiti una tatizo lake la pekee. Vituo vya katikati vinapitisha ujumbe vyenyewe, mwenye kituo akiwa amelala. Ujumbe ukiwa wa kuvunja sheria, nani anajibu? Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kuna ujumbe uliozunguka Marekani kwa pakiti ukiwahimiza watu kupiga namba ya simu ya kulipia ili kupinga vita. Mamlaka ya huko, FCC, haikumwandikia mtumaji peke yake, bali na wenye vituo kadhaa vilivyoupitisha. Ikazuka kelele kubwa, na baadaye kanuni ya Marekani ikabadilishwa: wa kwanza kuwajibika ni aliyeuanzisha, na kituo cha kwanza kinachoupokea kina wajibu wa kumtambua, la sivyo kinabeba mzigo wenyewe. Yeyote aliyewahi kuwa kiongozi wa kundi la WhatsApp anaijua hofu hiyo. Tanzania si Marekani, na kanuni ile si yetu, lakini kikundi kinachotaka kuweka kituo juu ya kilima kinapaswa kujiuliza swali hilo kabla hakijapanda kilima.

Dharura ndiyo mlango ulio wazi zaidi. Nchi zinahimizwa na kanuni zenyewe kuwaandaa watu wa ridhaa kwa majanga. Desemba 2004, tsunami iliyofika hadi Dar es Salaam na kuua watu waliokuwa wakiogelea ilikata mawasiliano ya visiwa vya Andaman, na kundi la watu wa ridhaa kutoka India lililokuwa Port Blair kwa ajili ya mchezo wao likageuka kuwa njia ya kupeleka habari za walio hai. Walikuwa na leseni, redio na mafunzo tayari siku ilipofika.

Simiyu ingekuwaje?

Kwa masafa ya megahezi 144 mawimbi yanakwenda karibu kama macho yanavyoona, na kuvuka kidogo tu. Watu wawili waliosimama chini, kila mmoja na redio ya mkononi, hawafikishi zaidi ya kilomita 10 hata tambarare ikiwa safi, na mara nyingi chini ya hapo kwa sababu ya miti na nyumba. Antena zikipandishwa kwenye milingoti ya mita 10 pande zote mbili, inakuwa kama kilomita 26. Kituo kimoja kikiwekwa kwenye kilima kinachopanda mita 100 juu ya mbuga, kinaweza kuonana na mlingoti wa mita 10 ulio kilomita 54 mbali. Hizo ni hesabu za ukingo wa upeo, hakuna kilichozuia katikati. Maisha halisi yanapunguza.

Kutoka Bariadi hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 120 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hapo panahitajika vituo viwili au vitatu vya kupokezana. Kila kituo kinaurudia ujumbe kwenye masafa yale yale, na kila kurudia kunakula muda wa wote. Betri na sola za kuendesha kituo kidogo si ghali sana. Ghali ni ulinzi. Sola iliyoachwa peke yake kilimani haimalizi msimu.

Kabla ya kuchanga

Kama shida yenu ni kwamba kijiji hakina simu kabisa, nendeni kwanza kwenye njia inayolenga shida hiyo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, kazi yake ni kupeleka mawasiliano mahali ambako makampuni hayaoni faida. Mwezi Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia mfuko huo. Maombi hupitia serikali ya kijiji, kata na halmashauri. Yanayotaja majina ya vitongoji, idadi ya kaya, shule na zahanati ndiyo yanayofanyiwa kazi kirahisi. Barua ya "hatuna mtandao" bila jina la kitongoji ni ngumu kuishughulikia.

Kama ni chama cha ushirika, kampuni au kituo cha afya kinachotaka redio zake, leseni yenu ni ya mtandao binafsi wa redio, ile wanayotumia kampuni za ulinzi na kambi za utalii. Mtapangiwa masafa yenu, mtalipa ada, na humo mtatuma sauti au pakiti za kazi zenu bila kuvunja kanuni ya ridhaa.

Kama mmeviona vifaa vidogo vya LoRa vinavyounganishwa na simu, maarufu kwa programu ya Meshtastic, hivyo ni watoto wa redio ya pakiti. Vinatumia nguvu ndogo sana, na vimeundwa kwa masafa ambayo katika nchi nyingi hayahitaji leseni ya mtu binafsi. Tatizo ni kwamba masafa hayo hayafanani duniani. Kifaa kilichopangwa kwa soko la Marekani kinarusha kati ya megahezi 902 na 928, na sehemu ya hapo ndipo simu zetu za GSM zinapoongea na mnara. Mtaleta mtandao wenu na kuharibu ule mdogo uliokuwapo. Ulizeni TCRA masafa na nguvu inayoruhusiwa kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika posta.

Na kama mnavutiwa na redio yenyewe, kwa kujifunza tu, basi ridhaa ndiyo nyumba yenu. Walimu wa fizikia wa sekondari wangefaa sana kuanza. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Mkienda, bebeni kitambulisho cha NIDA, maelezo ya mahali antena itakapokaa, na aina kamili ya redio mnayotaka, iliyoandikwa kama ilivyo kwenye kifaa. Wanaokwenda na jina la kifaa tu, "ile nyeusi ya Kichina", wanarudishwa.

Tukumbushe pia kwamba Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kina kirudishi cha pakiti kwenye megahezi 145.825, na kinapita juu ya Simiyu. Kikiwa juu yenu kipo umbali wa kilomita 400 tu, karibu kuliko Dar es Salaam, na hakuna kilima katikati. Shule yenye leseni na redio iliyothibitishwa inaweza kukipelekea pakiti yenye alama yake ya 5H, na wenzao wa Nairobi au Kampala wakaipokea dakika ile ile. Kinabaki juu ya upeo kwa dakika kama kumi, kisha kinazama upande wa pili.